Kalamu nyekundu ije mwisho: jibu kwa Mwalimu wa Ujiji

Shikamoo Mwalimu.

Barua yako imenifikia hapa Tabora pamoja na sura mbili ulizoambatanisha, nami nimezisoma zote mara mbili. Kwa ajili ya wengine watakaosoma jibu hili, nianze kwa kueleza ulichouliza. Umestaafu ualimu, unaishi Ujiji, na kwa miaka minne umeandika riwaya ya Mwavita, binti aliyevuka Ziwa Tanganyika kutoka upande wa Kongo, akaolewa Ujiji na kijana aliyekuja kuwa baharia. Mswada una kurasa 280. Mhariri mmoja amekutajia bei ambayo pensheni yako haiwezi kuibeba. Unauliza kama unaweza kuuhariri mwenyewe, uanzie wapi, na utajuaje kwamba umemaliza.

Unaweza. Si kazi yote, na mwishoni nitasema ni ipi isiyowezekana peke yako, lakini sehemu kubwa iko ndani ya uwezo wako. Bei za wahariri hupanda hasa kwa sababu miswada mingi hutufikia ikiwa bado mibichi, mtu akiwa ameweka nukta ya mwisho jana na leo anatafuta mchapishaji.

Umeandika kwamba umeshaanza, na umefika ukurasa wa 60 ukisahihisha tahajia kwa kalamu nyekundu. Nakuomba usimame hapo hapo. Miaka yote ya kusahihisha insha imekufundisha kulitafuta kosa ndani ya neno, na kwa insha ya mwanafunzi hiyo ni sawa, maana ina ukurasa mmoja na nusu na mwalimu hana haja ya kuuliza kama aya ya tatu iwepo au isiwepo. Sura ya kitabu lazima iulizwe hivyo. Ukitumia wiki nzima kuzinyoosha koma za sura ya nne, kisha ukagundua kwamba sura ya nne yote haina kazi, hutaiondoa. Utaionea huruma kwa sababu ya jasho ulilolimwaga humo. Nimeona vitabu vingi vikilemazwa na huruma ya namna hiyo.

Kwa hiyo funga mswada, uutie kabatini, na usiuguse kwa wiki sita. Najua ni ngumu. Sababu yake ni hii: sasa hivi kichwa chako kinajua mno. Ukisoma sentensi yako "alishuka gatini", wewe unaliona gati lenyewe, unasikia harufu ya dagaa waliotandazwa juani na mawese kwenye madumu, unasikia wapagazi wakiitana. Karatasi imesema "alishuka gatini" tu. Jicho lako linasoma kumbukumbu, halisomi karatasi. Kazi nzima ya mwandishi anayejihariri, Mwalimu, ni kutafuta kila mahali ambapo jambo limebaki kichwani bila kufika kwenye karatasi. Mengine yote nitakayokuandikia hapa ni njia za kuyafikia mahali hapo.

Wiki sita zikiisha, usianze kwa kusoma sentensi. Chukua daftari la kawaida na uandike mistari miwili kwa kila sura: mhusika alitaka nini, na mwisho wa sura ni kitu gani kimebadilika. Usiangalie mswada unapoandika. Sura ambayo huwezi kuikumbuka kwa mistari miwili, ilhali wewe ndiye uliyeitunga, msomaji hatakuwa nayo hata kwa usiku mmoja. Zungushia sura hizo duara. Baadhi zitakuwa na jambo zuri moja tu ndani yake, tuseme mazungumzo ya mama na binti wakikamua mawese. Litoe, ulihamishie kwenye sura jirani, na nyingine yote iende. Iweke kwenye faili lingine ukipenda, kwa kutuliza moyo. Hakuna anayekutaka uichome.

Angalia hasa sura ya kwanza. Ya kwako inaanza na jua likichomoza juu ya milima, ndege wakiimba, mawimbi yakipiga ufukwe, kisha ukurasa mzima wa historia ya ukoo. Binti anapanda mtumbwi kwenye ukurasa wa tano. Nadhani kitabu chako kinaanza kwenye ukurasa huo wa tano, pale anapoukanyaga mtumbwi na maji yanampanda miguuni. Zile kurasa nne ulizihitaji wewe, ili ujipashe moto uweze kuandika. Ya ukoo yatapata nafasi yake baadaye, kidogo kidogo, pale msomaji atakapokuwa ameshampenda binti na anataka kujua katoka wapi.

Kuna jambo la pili la daftari hilo, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo kitabu chako kinapovuja zaidi. Kwenye ukurasa wa kulia wa daftari, chora mstari wa miaka. Andika kila tukio lina mwaka gani, na kila mhusika ana umri gani mwaka huo. Katika sura ya pili binti anaolewa mwaka 1919, na mwaka 1922 mumewe anapata kazi kwenye meli ya Liemba, anasafiri nayo kwenda kusini mwa ziwa. Haiwezekani. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa upya Kigoma, na mwaka 1915 ikashushwa majini ikiitwa Graf von Goetzen. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha walipokuwa wakiondoka. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na ilirudi kazini mwaka 1927, ndipo ilipopewa jina la Liemba. Mwaka 1922 baharia wako angekuwa anafanya kazi kwenye meli iliyolala chini ya ziwa.

Vivyo hivyo na bwana shauri Mwingereza unayemweka Ujiji mwaka 1918. Wakati huo Kigoma na Ujiji vilikuwa mikononi mwa Wabelgiji. Waingereza walikabidhiwa mwaka 1921. Na mahari unayoitaja, iliyolipwa kwa shilingi zamani za Mjerumani: pesa ya wakati ule ilikuwa rupia, na sarafu ndogo yake ilikuwa heller, ambayo ndiyo iliyotuachia neno hela mpaka leo. Shilingi ililetwa na Waingereza. Reli pia ichunge. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, hivyo mjomba wa mumewe anayekuja Kigoma kwa treni "kabla binti hajazaliwa" atembee kwa miguu kama misafara yote ya kabla yake.

Sikuambii haya kukuvunja moyo. Kila moja la makosa haya linakupa zawadi ukilirekebisha. Fikiria: kijana anaoa mwaka 1919, na kwa miaka kadhaa anaishi kando ya ziwa akijua kwamba meli kubwa imelala chini ya maji. Anawasikia wazee waliobeba vyuma vyake wakisimulia. Kisha anaiona ikiibuliwa. Hiyo ni sura nzima ambayo huna bado, na ni nzuri kuliko zile utakazoziondoa. Ukweli wa historia ukiuheshimu hulipa.

Sasa nije kwenye lugha, na nianze na herufi moja. Kiswahili chetu hakina neno moja la mwanamume na jingine la mwanamke kwenye kitenzi. Wote ni a-. Hilo ni jambo zuri, lakini kwa mwandishi ni mtego, kwa sababu wewe unajua ni nani anayetenda na karatasi haijui. Nanukuu sentensi zako za bandarini: "Alimshika mkono akamwambia asiondoke. Alikuwa akitetemeka. Alijua kwamba mama yake amelia usiku kucha." Wako watatu pale gatini: Mwavita, mumewe, na wifi yake. Nani anatetemeka? Mama wa nani amelia? Nimesoma mara nne.

Fanya hivi. Chukua penseli, na juu ya kila a- kwenye ukurasa andika herufi ya kwanza ya jina la anayetajwa. Ukisita hata kidogo kabla ya kuandika, msomaji atapotea kabisa. Kanuni ninayoitumia ni kwamba kila a- inapohama kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, mtu huyo atajwe. Si lazima kwa jina kila mara, maana jina likirudiwa mno linachosha. Mtaje kwa kazi yake, baharia; kwa udugu wake, wifi; au umwachie kiungo cha mwili kiseme: "Mkono wa baharia ulikuwa ukitetemeka." Ngeli zetu ni hazina hapo. Mkono ukishika u-, ile a- inapumzika na hakuna anayechanganyikiwa.

Ngeli hizo hizo ndizo zitakazokuumiza wakati wa kurekebisha. Ulikuwa na "kikapu kile kilichokuwa kimejaa chikichi". Ukaona gunia linafaa zaidi, ukafuta "kikapu", ukaandika "gunia", ukaendelea mbele. Sasa karatasi inasema "gunia kile kilichokuwa kimejaa chikichi". Nimelikuta kosa la aina hii mara tatu katika sura zako mbili, na si la kutojua Kiswahili. Ni kovu la marekebisho. Ukibadilisha nomino, usiondoke kwenye sentensi mpaka umeifuata minyororo yake yote, hata kwenye sentensi inayofuata, maana ki- hupenda kujificha huko.

Na ukitaka kubadilisha jina la mhusika kwa kompyuta, tahadhari sana. Mwandishi mmoja aliniletea mswada ambao Juma alikuwa amegeuzwa Rashidi kwa amri moja ya kompyuta, na kitabu kizima kilikuwa na Rashiditatu na Rashidimosi. Kwa jina kama Ali ni hatari zaidi, kwa sababu kompyuta isipoelezwa itaingia ndani ya kila "alikuja" na "alisema". Iambie itafute neno zima na izingatie herufi kubwa, kisha ithibitishe moja baada ya jingine. Inachukua jioni moja. Na kabla ya hapo, weka nakala ya mswada pembeni yenye tarehe kwenye jina la faili.

Kuhusu sentensi zenyewe, una mkono mzuri. Mazungumzo yako nayasikia masikioni. Shida iko kwa msimulizi, ambaye mara kwa mara anavaa suti ya mkutano. "Aliweza kufika nyumbani" — kama hakukuwa na kizuizi njiani, basi alifika nyumbani. "Suala zima la ndoa yao" ni ndoa yao. "Kwa namna moja au nyingine" haisemi namna yoyote. "Mwisho wa siku aliamua kurudi", ilhali tukio ni la asubuhi, sema hatimaye. Maneno haya tunayasikia redioni na kwenye semina mpaka yanatuingia bila hodi. Tafuta kila "weza" katika mswada wako na uiulize kama kuna uwezo unaozungumziwa kweli. Nakadiria utafuta nyingi kuliko utakazoziacha.

Fanya hivyo na "ambaye" na ndugu zake. "Mwanamke ambaye alikuja jana" ni mwanamke aliyekuja jana, fupi na tamu zaidi. Usiifute kila mahali, lakini, kwa kuwa penye -me- huna njia nyingine: "mwanamke ambaye amekuja" lazima ibaki hivyo. Na methali zipunguze. Nimehesabu tisa kwenye kurasa 22, karibu zote zikifunga aya. Methali ni kauli ya mtu mzima mbele ya watu. Mpe Bibi mbili tatu azitumie akiwa na hasira au uchungu, na msimulizi akae kimya.

Saa nazo. Msichana anatoka kwenda sokoni "saa 8 asubuhi". Hiyo ni saa ya kwenye simu iliyovuka ikaingia kitabuni. Kwetu ni saa mbili.

Umeuliza pia kama maneno ya kwenu uyaeleze kwenye mabano. Usiyaeleze. Msomaji wa Tanga hajui mgebuka, lakini ukiandika kwamba Mwavita alichana migebuka wawili, wale warefu wembamba, akawabanika juu ya mkaa, ameshawaona. Bibi anayechanganya r na l katika mazungumzo mpe neno moja hapa na jingine pale, basi. Ukimwandikia hivyo kila mstari, msomaji atamcheka, na wewe hukumwumba achekwe.

Sasa ndiyo zamu ya kalamu nyekundu. Sisi wa huku magharibi masikio yetu yana udhaifu wake, na si aibu kuukubali. Sura zako zina "mahari pazuri" mara mbili, ambapo ulikusudia mahali, na katika kitabu chenye ndoa na mahari kosa hilo linageuza maana kabisa. Tengeneza orodha yako mwenyewe ya jozi zinazokusumbua: kura na kula, thamani na samani, hata na ata, dhambi na zambi. Itafute kila moja kwenye kompyuta, usitegemee jicho. Kisha tafuta maneno yaliyogandishwa: kwasababu, kwahiyo, kwaajili, yote ni maneno mawili. Weka kamusi karibu. Mimi hutumia Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2015, na tunapobishana na mwandishi ndiyo inayoamua. Kompyuta yako uizime kabisa ile tabia ya kujisahihishia yenyewe kwa Kiingereza, la sivyo itakuwa inakuharibia nyuma yako.

Baada ya hapo chapisha mswada wote kwenye karatasi, kwa herufi za umbo tofauti na zile ulizozoea kwenye kioo. Gharama ya stesheneri itauma, lakini ndiyo pesa ambayo singekushauri uibane. Mpe mjukuu asome kwa sauti barazani, wewe ukae na nakala yako na penseli. Asome yeye, si wewe, kwa sababu wewe utaisoma sentensi mbovu kwa lafudhi nzuri na kuiponya kwa ulimi. Mtoto hana huruma hiyo. Anapokwama, anaporudia, anapomeza pumzi katikati, weka alama tu, usimkatize kumweleza. Ukijikuta unataka kumweleza, hapo ndipo palipo na kitu kilichobaki kichwani.

Sehemu usiyoiweza peke yako ni hii: huwezi kujisahaulisha kitabu chako kabisa. Mgeni njoo mwenyeji apone. Tafuta wasomaji wawili, mmoja wa Ujiji ambaye atakushika kwenye mambo ya kwenu, na mmoja ambaye hajawahi kuliona ziwa. Usiwaulize kama kitabu ni kizuri, watasema ndiyo kwa adabu. Waulize walichoka ukurasa gani, na wapi walirudi nyuma kutazama ni nani anayesema. Kisha yule mhariri wa bei kubwa, mwombe akuharirie sura tatu za mwanzo tu na ulipie hizo. Utajifunza kutokana na alama zake jinsi ya kuzifanyia nyingine zilizobaki. Wahariri wengi tunakubali mpango huo, hatuutangazi tu.

Mambo ya ISBN, ile namba inayotambulisha kitabu, yasikusumbue sasa. Inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, na inaombwa wakati kitabu kimeshatulia. Kama una nia ya kukipeleka mashuleni, utahitaji pia lugha ipitiwe na BAKITA, na hapo utaona faida ya zile wiki za tahajia.

Utajuaje umemaliza? Kuna siku utaondoa koma asubuhi na kuirudisha jioni. Siku inayofuata utabadilisha "akasimama" kuwa "akainuka", kisha uirudishe "akasimama". Kitabu hakiongezeki tena, kinazungushwa tu. Hapo funga faili.

Kwa sasa anza na mstari wa miaka, kwa sababu Liemba ikihama kutoka 1922 kwenda 1927 sura nyingi zitahama nayo. Na ukishauandika upya ule ukurasa wa bandarini, tafadhali nitumie. Nimesoma na kusoma, na bado nataka kujua ni mama wa nani aliyelia usiku kucha.